Chai ya Omaset

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Mundika tu wazima, na mtama umekubali. Hongera kwa kushinda mchujo wa chama. Umeniuliza uanzie wapi kampeni za uchaguzi mkuu.

Nilipokuwa kijana huko Malaba, nilishinda mchujo wa udiwani. Nyanya yako alikataa kutupakulia kuku mpaka nikamsalimu Omaset, niliyemshinda. Nilienda shingo upande, tukanywa chai kwake.

Wiki iliyofuata Omaset alinibeba kwa baiskeli yake hadi kwa wafuasi wake, akaniombea kura kwa Kiteso nisichokijua. Nikamuuliza amewaambia nini.

“Kwamba ulikunywa chai kwangu kabla ya kula kuku kwako.”

Namshukuru mpaka leo. Uliyemshinda juzi ni mjukuu wake. Umeshamsalimu?

Babu yako,
Wandera