Riwaya Niliyojifanya Kuichukia

Jumatatu, 3 Machi

Wananchi watangaziwe: leo asubuhi, hapa Suna, mbele ya mashahidi wawili, yaani gunia la mbolea na mzee aliyekuja kutafuta dawa ya kupe, mwenye duka hili la pembejeo amemaliza kusoma riwaya ya kurasa mia tatu na ushei. Hakuna bendera iliyopandishwa.

Ni riwaya ya madada wawili walionuniana miaka na miaka, huku vyumba vyao vikitenganishwa na ukuta mmoja. Kila mmoja anamsikia mwenzake akikohoa. Basi. Hakuna aliyeuawa, hakuna aliyerithi shamba. Mwandishi hakuelezi uhuzunike wapi, anakuacha tu na kile kikohozi. Nililia. Mzee wa kupe akauliza kama dawa imeniingia machoni. Nikasema ndiyo.

Sijasoma riwaya nzuri hivi mwaka huu. Nauandika ukweli huu hapa kwa sababu kwingine sitausema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika kwenye kikundi chetu cha wasomaji, kwenye simu: kitabu kimevimba kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Kinahitaji kutobolewa, hewa itoke.

Sababu ni Nyar Mbita. Ni muuguzi Homa Bay. Namwita hivyo, yaani binti wa Mbita kwa Kijaluo, kwa sababu kwao ni huko. Yeye amekipenda. Tukikutana Rongo tukakubaliana, mazungumzo yataisha kabla chai haijapoa, arudi kwake, nirudi kwangu. Nikikiponda, napata mchana mzima. Nimefanya hivi kwa vitabu kadhaa sasa. Bado dawa inafanya kazi.

Hajajibu.

Alhamisi, 6 Machi

Amejibu! Ujumbe wa sauti, mrefu kama mahubiri. Nimeurudia dukani mpaka wateja wakadhani ni redio.

"Wewe Mtanzania, moyo wako uliusahau forodhani? Jumamosi ya wiki ijayo, Rongo, hoteli ile ile. Na uje na hoja, usije na mdomo mtupu."

Mtanzania ndiye mimi. Mkuria wa Kegonga, kitambulisho cha Kenya mfukoni, lakini kwake mtu yeyote anayesema "tafadhali" sokoni ametoka ng'ambo ya mpaka. Kwake Kijaluo, kwangu Kikuria. Tunakutana kwenye Kiswahili kama tunavyokutana Rongo: katikati, kila mtu na safari yake.

Mwishoni sauti yake ilishuka. "Halafu nina neno."

Neno gani?

Jumapili, 9 Machi

Mahubiri sikuyasikia. Neno gani?

Nimeanza kitabu kingine, si hadithi, ni habari za ziwa na samaki wake. Picha nzuri. Mwandishi amezungumza na maafisa, amezungumza na wataalamu, hajamuuliza hata mama mmoja anayeanika omena. Kitabu kizima cha samaki na hakina harufu! Hiki nakichukia kwelikweli, na sioni raha yoyote. Kumbe kuchukia peke yako ni kibarua.

Tangu mke wangu afariki napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mmoja amejitoa kwenye kikundi bila kuaga. Wanaosoma kweli tumebaki wawili. Wengine hututumia picha za maua kila asubuhi, Mungu awabariki.

Mvua imeanza. Duka limejaa watu wa mbegu. Kutwa nimeongea mahindi. Watu wote hawa, na hakuna ninayeweza kumweleza habari za dada anayeinua mkono agonge ukuta, kisha anaushusha.

Ijumaa, 14 Machi

Ameandika. Safari hii si sauti. Binti yake aliyeko Eldoret amejifungua pacha. Nyar Mbita ameomba kustaafu mapema, anahamia huko kabla ya Pasaka. "Kesho itakuwa Rongo yetu ya mwisho, Mwita."

Nimempongeza. Nimeweka na vipicha vya maputo.

Naogopa.

Nimeketi kutafuta hoja. Kesho nitaiponda riwaya ya madada mpaka magari ya Homa Bay yaishe.

Jumapili, 16 Machi

Kwenye kikundi nimeripoti kwamba mkutano ulifana na mjadala ulikuwa mkali. Mtu mmoja ametuma ua.

Ilivyokuwa ni hivi. Alinikuta hotelini nimeshaagiza samaki. Nikaanza kuponda kabla hajanawa. Nikasema dada mkubwa hana sababu ya kuinua ule mkono, mwandishi amemsukuma tu. Ili kumwonyesha ubaya wake nikayasema maneno ya dada yule pale ukutani, neno kwa neno, kitabu kimefungwa.

Akaliweka tonge chini. "Mwita. Mtu hakariri kitabu anachokichukia."

"Nilikipenda," nikasema. "Tangu ukurasa wa kwanza."

"Najua. Hata kile cha mhunzi, ulichokiponda kabla ya hiki, ulikipenda." Akacheka. "Ulidhani napanda gari kuja kufuata hoja? Hoja zako ni mbovu, omera, ndugu yangu. Mbovu kabisa."

Tukacheka wote, mpaka mhudumu akaja kuangalia. Yeye alikipenda, mimi nilikipenda, ubishi ukawa umeisha. Ilikuwa saa saba na nusu, na siku zote huwa tunaachana saa kumi na moja.

Tukala. Nikauliza majina ya pacha. Opiyo na Odongo, kama Wajaluo waitavyo kila pacha wa kiume, majina ambayo mtu yeyote wa huku angeyajua bila kuuliza. Akauliza bei ya mbegu. Nikamtajia. Baada ya kitambo akauliza tena bei ya mbegu, akajishika mdomo. Nikamtajia tena.

Wingu likajikusanya. Akasema afadhali awahi kabla ya mvua. Nilikuwa na mwavuli, ningeweza kusema mvua si kitu. Sikusema. Nilimsindikiza hadi stendi, nikampa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Gari likajaa upesi na kuondoka, siku hiyo tu.

Hakuna aliyetaja kitabu cha mwezi ujao.