Perege Aliyekufa kwa Kiu

Shoga, umelala? Yule samaki wetu wa maabara, perege, amekufa. Nimemuua mimi.

Si tulikuwa tunamzoesha maji ya chumvi, kikopo kimoja kila siku? Wiki nzima nimeona aibu kumwomba mwalimu ufunguo wa maabara. Leo nimekuta mlango wazi, nikamimina vikopo vyote vya wiki kwa mpigo, eti nifidie.

Akaanza kuhema, ananitazama. Ananitazama mimi, shoga.

Mwalimu wala hakufoka. Kasema, "Homoni zake zilihitaji muda ziuandae mwili. Wewe umemkausha, mwanangu. Amekufa kwa kiu ndani ya maji."

Kwa kiu. Ndani ya maji.

Halafu akaniuliza taratibu, "Si ungeniomba tu ufunguo?"

Nimeshakunywa maji mara nne. Koo bado kavu.