Ulichomuuliza Maganga Kisimani

Baba Neema wangu,

Najua barua hii haitakufikia, kwa hiyo nimeiacha wazi waisome wengine, hasa wale wanaokwenda kukaa na wafiwa kwenye nyumba ambazo mtu alitoka kwenda kuokoa watu na hakurudi. Nina jambo la kuwaambia. Lakini nimeona siwezi kuwaambia wao kabla sijakuambia wewe.

Unakumbuka siku ulipoleta suruali ya sare pale kwenye cherehani yangu, Ipuli, hapa Tabora? Ulikuwa na haraka. "Dada, nipunguzie urefu, nikikimbia naikanyaga." Nikakuuliza unakimbilia wapi. Ukasema, "Wenzangu wanakimbia moto, mimi naukimbilia." Basi nikashindwa kunyamaza. Nilitaka kujua ule mtungi wa hewa mgongoni una uzito gani, mnaonanaje ndani ya moshi, na koti lile mnalifua na nini. Suruali ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini adhuhuri ilikukuta bado umekaa kwenye benchi na wateja wangu wamenuna. Baadaye sana, tukiwa tumeshaoana, uliniambia kwamba miaka yote ya kazi watu walikuwa wakikusifu au wakikulaumu kwa kuchelewa, na hakuna aliyewahi kukuuliza kitu.

Tukawa hivyo, wewe na mimi. Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunarudi kwa miguu na Neema katikati, tunaulizana mambo yasiyo na faida. Siku moja ulisimama njiani ukasema, "Hivi wale wapagazi waliobeba pembe kutoka huku mpaka pwani, njia nzima walikuwa wanazungumza nini?" Nikakujibu walikuwa wanalalamikia miguu. Ukacheka mpaka ukashika magoti. "Miezi mitatu, Mama Neema! Miguu tu?"

Siku ile ambayo hukurudi, nilikuwa nashona sare za kwaya. Waliingia wenzako wawili, na mmoja wao alikuwa Afande Rehema. Nilikuwa namjua kwa jina tu, kwa vile ulivyokuwa ukimsimulia: mdogo wa umbo, lakini akishika kamba haiachii. Alivua kofia. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo mwekundu. Niliutazama ule udongo, nikauliza, "Umetoka wapi?" Akasema, "Goweko." Ndiko mlikoitwa asubuhi ile, na mimi nikajua.

Wenzako walikuzika vizuri, lazima niliseme hilo. Walisimamisha maturubai, wakaleta maji na viti, wakakubeba mabegani kwa hatua moja. Majirani walileta mchele na sukari. Wanawake wa kanisani walilala na mimi sakafuni siku zote za msiba. Sikukosa kitu ambacho mkono unaweza kukibeba.

Ila nilikuwa na maswali, na kila nilipofungua mdomo watu walinifunga. Nilitaka kujua kama ulikuwa umekula. Nilitaka kujua kama uliita mtu. Ilichukua muda gani? Walisema, "Usijiumize, Mama Neema." Walisema, "Mungu anajua." Dada yako alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma kabisa, "Wifi, unamchosha marehemu kwa maswali." Nadhani waliona huo ndio wazimu wa majonzi unaanza. Hawakujua kwamba mimi kukuuliza maswali ndiko kulikuwa kukupenda, na sasa nilikuwa nimebaki na maswali na hakuna wa kuyapokea.

Neema alikuwa kidato cha pili. Yeye alichukua njia nyingine. Hakutaka kusikia jina lako likitajwa, na wageni wakija alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma.

Tanga lilipoanuliwa nyumba ikawa kimya. Aliyebaki kuja ni Rehema peke yake. Kila Jumamosi mchana, akitoka zamu, alikuja akakaa kwenye kigoda pale uani, akachukua viazi vitamu na kisu tukakata michembe ya kuanika pamoja. Tulizungumza habari za mvua, bei za vitambaa, magoti ya mama yake. Wewe hatukukutaja. Ilikwenda hivyo wiki nyingi, mpaka Jumamosi moja nikachoka, nikaweka kisu chini.

"Rehema, unakuja kufanya nini hapa?"

"Sijui, dada. Kwangu siwezi kukaa."

"Basi niambie ilivyokuwa."

"Sitakiwi kukuambia."

"Nani kakukataza?"

Akafikiri, akatazama viazi. "Hakuna. Nimejikataza mwenyewe."

Jioni ile aliniambia. Watu wawili walikuwa wanachimba kisima, ukuta ukaporomoka. Mmoja aliwahi kutoka. Wa pili, anaitwa Maganga, alifukiwa mpaka kifuani, akiwa mbali chini. Ulishuka wewe kwa sababu mdomo wa kisima ulikuwa mwembamba na wewe ndiye uliyekuwa mwembamba kuliko wote. Ulimfukua kwa mikono na koleo fupi kwa muda mrefu, ukamfunga mkanda, ukapiga kelele wavute. Njia ilikuwa inapitisha mtu mmoja tu kwa wakati. Maganga alipofika juu, kamba ikiwa inafunguliwa ili ikurudie wewe, udongo ukashuka wote mara moja. Hakuna aliyekosea, Baba Neema. Nilimuuliza Rehema mara tatu, kwa njia tatu tofauti, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Mlikuwa mnamsikia?" nikauliza.

"Sauti tu, maneno hayakufika. Ila kuna wakati..."

"Kuna wakati nini?"

"Tuliwasikia wanacheka. Wote wawili. Tulitazamana pale juu tukadhani hewa imewaishia, wamechanganyikiwa."

Baba Neema, sikulala vizuri tangu siku hiyo, lakini si kama mwanzo. Sasa nilikuwa nataka kujua kitu kimoja: mtu yuko chini ya ardhi, udongo unamdondokea shingoni, anacheka nini? Nikiwa kwenye cherehani nilijikuta nimesimamisha mguu, nawaza. Na duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kunijibu.

Nilipomwambia Neema nataka kwenda Goweko, alisimama kutoka mezani. "Mimi simtaki huyo mtu. Kila siku anaamka, anakula. Wewe unaenda kumwona ili iweje?" Nikamwambia nataka kujua baba yake alicheka nini. Alinitazama kama nimemtukana. Lakini asubuhi ya safari nilimkuta amevaa viatu, amekaa kizingitini. Rehema alikuja, tukapanda treni watu watatu.

Nyumba ya Maganga iko mbele kidogo ya mashamba ya tumbaku. Mama yake mzazi ndiye aliyetupokea, akatuamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", na Neema akampa shikamoo bila kuinua macho. Maganga mwenyewe alitoka nyuma ya nyumba, mtu mrefu, anachechemea. Aliponiona alisimama pale pale alipokuwa.

"Nakujua," akasema. "Nimekuja Tabora mara mbili. Nilifika mpaka mlangoni kwako, nikakuona unashona. Nikarudi."

"Kwa nini hukuingia?"

"Ningesema nini, mama?"

Kabla sijajibu, Neema aliuliza. Alikuwa ameshikilia swali hilo mwaka mzima, na lilitoka kwa sauti ya mtoto mdogo. "Kwa nini wewe ndiye uliyetangulia kutoka?"

Rehema akamshika bega. Maganga hakukasirika. Aliketi chini kwenye udongo, ule mguu mbovu ameunyoosha mbele. "Mwanangu, nilikuwa nimefukiwa, sikuweza kusimama. Baba yako alinifunga kamba mimi. Nilimwambia, na wewe je? Akasema, wanakuja kunichukua sasa hivi. Na mimi nikaamini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaamini. Swali lako najiuliza kila siku. Zaidi ya hapo sina."

Neema alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia tangu tukuzike. Mama yake Maganga alimwendea, akamfunika kwa khanga yake, akawa anamsemesha Kinyamwezi polepole, na mtoto akamwachia.

Tulipokunywa uji na pumzi kurudi, nikamuuliza Maganga lile lililonileta. Akatabasamu kwanza, kisha akaona haya kwa kutabasamu.

"Alikuwa ananiuliza maswali ili nisisinzie. Jina langu, watoto, nilianza lini kuchimba. Halafu akaniuliza, hivi nyie mnajuaje maji yako wapi? Nikamwambia, afande, kwa kweli leo sijui, maana tumefika huku kote na hakuna hata tone. Ndipo tukacheka. Alicheka sana, mpaka nikamwambia nyamaza, udongo utashuka."

Niliisikia sauti yako, Baba Neema. Niliona unavyoshika magoti.

"Akasema kingine," Maganga akaendelea. "Akasema, ukipona nitakuja siku moja na mke wangu umweleze mwenyewe, kwa sababu nikifika nyumbani nitaulizwa mambo ambayo nimesahau kukuuliza."

Basi tukasimama, akatueleza. Alituzungusha porini mpaka jua likawa kali. Alituonyesha miti ambayo majani yake hayadondoki wakati wa kiangazi, na vichuguu vilivyojipanga mstari mmoja, kwa sababu mchwa hajengi mbali na unyevu. Alituonyesha mahali ambapo nyasi zinabaki mbichi wakati pengine pote pamekauka. Yeye hashuki tena kisimani. Anafuga nyuki sasa, lakini watu bado wanamwita awaonyeshe pa kuchimba. Mimi niliuliza, Rehema akauliza, na baada ya muda nikasikia sauti nyuma yangu: "Na kama mchwa wamehama?" Alikuwa Neema. Maganga akageuka akamjibu kwa heshima, kama anavyojibiwa mtu mzima.

Siwezi kusema tulirudi tumepona. Tulirudi tunazungumza. Kwenye treni Neema alimuuliza Rehema ulikuwa unakula nini kazini, na Rehema akasema ulikuwa unaiba karanga za wenzako, na nikajifunza jambo jipya juu yako baada ya ndoa ya miaka kumi na sita.

Tangu hapo tunakwenda, Rehema na mimi. Tukisikia kuna nyumba imepatwa, iwe ya zimamoto, ya polisi au ya mtu wa gari la wagonjwa, tunakwenda. Hatuendi siku za kwanza, kwa sababu siku za kwanza watu wako wengi. Tunakwenda viti vikisharudishwa.

Mwezi uliopita tulikwenda upande wa Igunga. Nesi wa gari la wagonjwa alichukuliwa na maji wakati gari linavuka mto uliokuwa umejaa, alfajiri, wakienda kumchukua mama mjamzito. Dereva aliokoka. Mume wa nesi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkimya, na wanaume wenzake walikuwa wamemwambia neno moja tu wiki zote zile: jikaze. Alitukaribisha vizuri. Tulikaa muda mrefu. Kisha nikamuuliza, "Mwalimu, kuna kitu unataka kujua?"

Alinitazama, akatazama mlango kama anahofia nani anasikia.

"Nataka kujua kama alikuwa amevaa sweta," akasema. "Tuligombana alfajiri ile. Kulikuwa na baridi, nikamwambia vaa sweta, akasema linamwasha. Aliondoka amelishika mkononi. Nimeogopa kumuuliza mtu, wataniona mjinga."

Nikamwambia sijui, lakini nitauliza. Kesho yake tulimtafuta yule dereva. Alikuwa amelala kwa dada yake, mkono umefungwa, hataki kuonana na mtu. Nilimuuliza swali hilo moja tu. Alifumba macho akatafuta.

"Alilivaa," akasema. "Tulipotoka tu getini. Njia nzima alikuwa anajikuna shingo, anamlalamikia mume wake. Lakini hakulivua."

Tukarudi kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Nilimwambia maneno yote kama yalivyo, pamoja na kujikuna. Kwanza alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa. Halafu akainama mezani juu ya madaftari ya wanafunzi wake, akalia kwa sauti, na Rehema na mimi tukakaa naye, hatukumwambia ajikaze.

Baba Neema, limebaki swali moja ambalo hata Maganga hajui jibu lake: kama uliogopa pale mwisho, ukiwa peke yako. Nimeliuliza sana. Sasa nakuachia, liwe lako.

Pumzika, mume wangu. Mimi kesho nina treni ya kuwahi.

Mkeo,
Mama Neema