Dada Somoe Alivyokuja Kunichukua

Alhamisi, baada ya magharibi

Nimemshinda, naandika kabla sijasahau. Dada Somoe kaja leo kutoka Nyangamara kunihamishia kwake, eti mzee asiye na mke, kwenye kijiji hiki kipya cha ujamaa, atakufa njaa. Hata hajakaa akaishika mbuzi yangu ya kukunia nazi, aone kama imekauka kwa kutotumika. Imelowa. Akaiweka chini, akakaa.

Nikampakulia wali na kisamvu cha nazi na korosho. Hapa kijijini hakuna anayekitwanga kama mimi, na wake za watu wanalijua hilo.

"Nani kakupikia, kaka?"

"Mikono hii."

"Muongo wewe tangu utotoni."

Akala, akaongeza, akakwangua na ukoko wangu niliouweka wa kesho asubuhi.

Kweli nilikuwa na hofu. Kwake chumvi inatiwa punje punje kama dawa, na jikoni siruhusiwi hata kuchungulia.

Nikamuuliza, "Basi unarudi lini?"

Akajilamba vidole. "Haraka ya nini? Mwezi huu nipo hapa hapa. Kesho unapika nini?"

Kesho nimekusudia kuunguza. Sijui kama nitaweza, maana sijawahi.