Wameniita Dada Faida

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaing'oa televisheni ukutani nikampa mpita njia yeyote. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule pamoja na mdogo wangu wa kike na wifi yangu, mke wa kaka yetu, chumba kimoja vyerehani vitatu, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunaangalia mchezo wa kuchekesha wa familia ya wauza majeneza, watu wabaya wote, hakuna hata mmoja ungempa mtoto akushikie, kaka mtu akikusalimia anakupima urefu kwa macho, baba mtu anaomba mafua yaenee, na dada mkubwa, huyo wanayemwita Dada Faida, alimwambia mjane palepale kaburini kwamba marehemu alikuwa na mwanamke mwingine, akamshika bega akasema, "Nakwambia kwa faida yako." Tulicheka hadi wifi akajichoma sindano.

Basi tukaanzisha utani wa kuwagawa, nani katika ndugu zetu ni nani kwenye mchezo, kaka tukampa yule mpimaji, mjomba tukampa baba mtu, na mgawaji ni mimi kwa sababu nawajua watu, Jumamosi iliyopita nikauliza, haya, na Dada Faida ni nani, mdogo wangu bila kuinua macho kutoka kwenye pindo akasema, "Si wewe, dada." Nikamgeukia wifi anitetee, wifi akainama kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

Mshauri, mimi huyu? Mimi niliyemlea tangu mama afariki, nikamfundisha kazi, nikamvunjia uchumba na yule dereva kwa faida yake, nikamwambia mbele ya wateja kwamba kola zake zinapinda, hilo nalo kwa faida yake, nani mwingine angemwambia? Na juzi muuza vifungo ananipongeza eti mdogo wangu amepata chumba chake cha kushonea mtaa wa pili, anahama mwisho wa mwezi, mimi sina habari. Nahisi mchezo huu ndio uliomharibu. Niupige marufuku, au nimkalishe nimkumbushe yote niliyomfanyia?

Mkubwa Nisiyesikilizwa

MSHAURI ANAJIBU

Mkubwa, unasikilizwa sana, na hapo ndipo penye tatizo.

Pole kwanza, na pole yangu ni ya kweli. Kumlea mdogo wako wakati wewe mwenyewe ulikuwa bado unamhitaji mama si kazi ya mchezo. Lakini umeniandikia ukurasa mzima kuhusu televisheni, na habari yenyewe ukaitupa mwishoni: mdogo wako anahama, na muuza vifungo amejua kabla yako. Televisheni haikodi chumba, dada yangu. Kumgawia mjomba ubaya kulikuchekesha, zamu yako ilipofika unataka kupiga marufuku. Mkuki kwa nguruwe. Na hayo maneno "kwa faida yake" umeyaandika mara mbili kwa mkono wako mwenyewe, wala hukushtuka.

Usidhani anakuchukia. Angekuwa amekata tamaa nawe angesema Dada Faida ni shangazi, mkacheka, mkaendelea kushona. Alikwambia wewe kwa sababu bado anategemea utasikia. Wewe badala ya kusikia ukatafuta wakili kwa wifi.

Sasa fanya hivi. Mchezo uache, angalieni na mcheke. Mema uliyomtendea usimkumbushe, anayajua kuliko wewe, na ukianza kumsimulia yatageuka masimango. Kesho mtangulie wifi kufika kazini, umwambie mdogo wako: "Nimesikia umepata chumba. Hongera." Kisha umwombe radhi kwa habari ya yule dereva, sentensi moja, isiyo na "lakini" ndani yake. Halafu muulize anataka nini, kwa maana katika barua yote hujaniambia, na sidhani unajua. Akianza kujibu, funga mdomo, hata kama majibu yake yanakukera, hata kama una ushauri mzuri kuliko wangu.

Kuhama atahama, hilo halimo tena mikononi mwako. Kilichomo ni kama siku atakapofungua mlango wake utakuwa miongoni mwa walioalikwa.