Nagonga Nyundo Ili Mke Wangu Asikie Kazi

Mpendwa shangazi mshauri, naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha, na ukitaka kunicheka nicheke tu, mradi unijibu. Mimi ni fundi viatu, kazi hii nimeifanya mjini miaka kumi na tisa, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la simu, dirisha langu likitazama ukuta, na ule ukuta nilikuwa naujua ufa kwa ufa. Mwaka jana nilipeleka buti za walinzi wa msitu huku milimani, nikafika asubuhi kukiwa na ukungu mzito, nikakaa juu ya jiwe nikitengeneza buti moja lililoachia soli, misumari mitatu mdomoni kama tulivyozoea mafundi, basi ule ukungu ukaondoka wote kwa mara moja na mlima ukawa mbele yangu. Shangazi, sijui nikwambieje. Mlima nilishauona kwenye kalenda, lakini sikujua kwamba ni mkubwa vile, nilitafuta kilele nikadhani nimekipata, kumbe yale ni mabega tu, ikabidi niinue kichwa tena, halafu tena, na kule juu jua lilikuwa limeshawaka wakati mimi huku chini bado niko kwenye kivuli. Nilipotaka kusema neno ndipo nikakumbuka nina misumari mdomoni. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Niliporudi nikamwambia mke wangu kwa kifupi kwamba nahamia huko kufungua karakana, kwa sababu watu wa milimani wanatembea sana na viatu vinakufa haraka. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mtu mwenye akili zake, akanitazama kidogo akasema, "Haya, nenda ukaanze. Ikishika, mimi na watoto tunakufuata." Nikakodi kibanda juu kabisa, pale njia ya miguu inapoishia, kwa sababu mlango wake unatazamana na mlima uso kwa uso, nikapandisha cherehani, gundi na ngozi nzuri, na sasa ni mwezi wa tano na wateja hawaji. Anayepita ni mama mmoja tu anayeteremsha maziwa bondeni, watu wanamwita Mama Madebe, na juzi alisimama mlangoni na mabuti yake ya mpira akaniuliza, "Fundi, wewe umekuja kushona viatu au kuchunga mawingu?" Nikacheka, lakini iliniuma.

Sasa kosa langu ni hili. Mke wangu akipiga simu mchana nachukua nyundo nagonga kipande cha soli tupu, ko ko ko, ili asikie kazi, naye ananiambia, "Haya baba, usiwacheleweshe wateja, tutaongea," anakata. Nilifanya siku moja kwa kuona haya, ikawa mazoea. Wiki iliyopita akaniambia kwa furaha kwamba barua ya kuacha kazi ameshaiandika, ataikabidhi Ijumaa hii ya mwisho wa mwezi, na watoto wameanza kuaga wenzao shuleni. Nikisema ukweli ataniambia nirudi, na mimi kukaa nikitazama ule ukuta tena siwezi, nisiposema atakuja kukuta kibanda na upepo. Nifanyeje?

Fundi wa Juu

Mwanangu fundi,

Nimecheka, maana uliniruhusu. Nimecheka mpaka mchapaji wetu akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, na tulipofika penye misumari mdomoni tukaacha kucheka wote wawili. Mimi ngazi za ofisi tu hunitoa jasho, lakini jana jioni nilisimama barazani nikatafuta mahali pa kutazama mbali, kwa sababu yako. Kwa hiyo sitakwambia kwamba umechanganyikiwa. Ulichokiona pale juu ya jiwe ni kitu kikubwa kweli, na huna haja ya kumwomba mtu radhi kwa kukipenda.

Lakini nyundo! Mwanamke kutwa amesimama anapokea watoto wa wenzake, anapata dakika tano za kusikia sauti ya mumewe, wewe unamgongea soli? Na yeye, kwa adabu zake, anakata simu ili asikuharibie kazi. Ona aibu kidogo, haitakuua.

Tuje kwenye biashara. Hebu nijibu: ni nani anayeweza kupanda mpaka hapo kwako? Ni mwenye viatu vizima. Mwenye soli iliyoachia ameshakata tamaa huko chini, anachechemea. Fundi wa miaka kumi na tisa, umefungua karakana mahali ambapo kila anayefika hakuhitaji! Barua nimezijibu nyingi, kosa kama hili sijawahi kuliona. Shuka leo umuulize Mama Madebe lami inaishia wapi. Pale gari linaposhusha watu ndipo wanapovua viatu vya safari, wanavitia kwenye mifuko yao, wanavaa mabuti ya kupandia, na wakishuka kwenda mjini wanabadili tena. Viatu vyote vya mlima mzima vinavuliwa hapo, mbele ya macho ya yeyote aliyekaa na sindano yake. Omba kona kwenye baraza la duka lolote. Mabuti ya Mama Madebe yatie kiraka bure, maana anaingia kila nyumba na maziwa yake, atakutangaza kuliko redio. Kibanda cha juu kifanye cha kulala. Kila asubuhi utazame mlima wako mpaka utosheke, halafu uteremke kazini.

Kuhusu mkeo, nimemwomba mhariri barua yako ipite mbele ya za wengine, kwa sababu Ijumaa yenyewe ni keshokutwa. Ukimaliza kusoma hapa, piga simu. Anza na haya: "Nilikudanganya, wateja hakuna, usikabidhi ile barua." Atakasirika, tena sana, na wewe usijitetee wala usikate simu. Akae na kazi yake mpaka kona yako ya chini ishike, na aione kwa macho yake kwanza, aje wakati wa likizo na watoto.

Akishamaliza kukugombeza, mweleze habari ya lile jiwe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sijaona popote ulipomwambia. Yeye alisikia karakana na viatu vinavyokufa haraka, basi. Mimi nisiyekujua umenieleza mlima mzima, na mwanamke aliyekuruhusu uende hujamwambia hata kwamba ulilia.