Hodi Tatu za Kihispania

Jumatano. Joto la kunata. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Hata mvua ya Bagamoyo leo ina maringo.

Nimerudi kutoka chuoni na sifuri ya mazungumzo ya Kihispania, ngazi ya kati. Sifuri, mimi, niliyekesha na vitabu kuliko darasa zima! Asiyefaulu haendi Hispania muhula ujao, na sijawahi kukitaka kitu kama ninavyoitaka safari hiyo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuigiza. Mwalimu ni mwenye nyumba, mimi mgeni niliyekuja kuulizia chumba. Mwalimu huyu aliishi Madridi kidogo, basi hatupumui. Hata akikohoa, anakohoa Kimadridi. Kila kipindi anatuhubiria: "Lugha ni utamaduni, jamani! Ingieni ndani ya utamaduni!"

Haya, nikaingia. Nikasimama mbele ya mlango usiokuwepo, nikasema, "¿Se puede?" Ndiyo hodi yao, imo kwenye kitabu alichotupa mwenyewe, na mwenye nyumba hujibu "Adelante", yaani karibu. Mheshimiwa kimya, anaangalia saa. Nikabisha tena. Kimya. Mara ya tatu nikapaza sauti.

Kimya.

Nikageuka, nikaondoka.

"We, unakwenda wapi?"

"Wenyewe hawapo, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Fredi, anayeingia kila mahali na salamu yake ya "hola" kama kuku jikoni, alicheka mpaka akashika meza. Yeye kafaulu.

Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama unasikia redio inaimba ndani. Mtoto wa chekechea hapa mtaani anajua. Mwalimu mzima wa utamaduni hajui kuitikia hodi, halafu anamwandikia sifuri anayejua kuibisha. Namdharau, na wala sioni haya kuandika.

Ila ndiye ninayemhitaji. Atakayemwona kabla ya kesho jioni ataruhusiwa kurudia mtihani. Basi mchana nikaenda ofisini kwake, nikabisha. Namsikia anacheka na simu. Nikabisha ya pili, nikabisha ya tatu. Hakuitika.

Nikarudi zangu. Miguu iligeuka yenyewe, kama nimetumwa. Nilipofika getini nikajidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Mama nimemsimulia nusu. Ya hodi nimesema, ya Hispania nimemeza.

"Umefanya vyema, mwanangu," akaniambia. "Mlango wa mtu hausukumwi."

Kisha akatoka uani kumweleza jirani jinsi nilivyo na adabu, mimi binti yake niendaye Ulaya. Nimemsikia kupitia dirishani, nikatamani ardhi inimeze.

Kesho nitabisha ya nne. Asipoitika, nasukuma mlango.

Mama asijue.